Mwezi, Taa na Kipe

Minago, kwenye ufukwe wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, mtu hapangi safari ya uvuvi kwa kalenda ya ukutani. Anapanga kwa mwezi. Mwezi mwandamo ukionekana juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, wenye vipe, vyombo vyetu vya kuvulia usiku, wanajua kwamba usiku wa giza bado ni mwingi: mafuta yatafutwe, taa zijaribiwe, vijana waitwe. Mwezi ukikaribia kujaa, mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinatandazwa, na kijiji kinakuwa cha watu wa nchi kavu kwa wiki moja na zaidi. Hiyo ndiyo wiki ya kushona nyavu, ya kudaiana, ya harusi, ya kupanda milimani kuwasalimia wakwe. Mimi nilioa mwezi ukiwa mpevu, kama karibu kila mwanamume wa rika langu hapa ufukweni. Hakuna baba wa bwana harusi aliyekuwa tayari kupoteza usiku wa giza kwa ajili ya ngoma.

Sababu iko majini. Ndagala, ambaye wenzetu wa Kigoma wanamwita dagaa, mchana hukaa chini na usiku hupanda kufuata vijidudu anavyokula. Taa ikiwaka gizani, vijidudu hukusanyika kwenye mwanga, ndagala huwafuata, na mukeke, ambaye Kigoma anaitwa mgebuka, humfuata ndagala. Lakini mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, samaki hana haja ya kuja kwenye taa yako. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470, ila huku kaskazini hewa ya kupumulia samaki inaishia karibu mita 100 kutoka juu. Chini ya hapo ni maji matupu. Mali yote tunayoigombania imo katika tabaka lile la juu, na wingi wake hupatikana usiku. Ndiyo maana mimi, nikiulizwa historia ya uvuvi wa pwani hii, huanza na taa: ilikuwa ya nini, iliwashwa kwa mafuta gani, na nani alikuwa mwenyewe.

Taa ya kwanza ilikuwa moto wa kuni. Babu yangu mzaa mama alivua kwa lusenga, wavu wa mfuko uliofungwa kwenye duara la mti na kutiwa mpini mrefu. Mtumbwi ulikuwa wa gogo moja. Moto wa matete makavu au vijiti uliwashwa mbele, mmoja akauchochea, mwingine akapiga kasia polepole, na wa tatu akasimama na lusenga akisubiri samaki wakusanyike. Akiona maji yamekuwa meupe, anazamisha na kunyanyua. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita ziwani usiku waliiona mioto hii, na Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta dagaa ni bidhaa ya sokoni tangu zamani. Mitumbwi mikubwa na mizuri ilichongwa Ugoma, upande wa magharibi, kwenye misitu yenye miti minene. Aliyetaka chombo cha kweli alivuka au alimlipa aliyevuka.

Kundi lile la watu watatu lilikuwa ni ndugu au majirani. Mtumbwi ulikuwa wa mmoja wao, lusenga ya mwingine, na kuni zilikatwa na yeyote. Hakukuwa na tajiri. Asubuhi waligawana kwa vikapu, mwenye mtumbwi akiongezewa kidogo, na kilichobaki baada ya watoto kula kilianikwa mchangani. Sisemi ilikuwa pepo. Lusenga ilitoa kidogo, haikuweza kwenda mbali, na upepo ukivuma moto ulizimika na uvuvi ukawa umekwisha kwa usiku ule. Lakini kila aliyekuwa chomboni aliweza kusema kesho siendi, na hakuna aliyemdai.

Pwani yenyewe haikuwa shwari. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa Ujiji walikuwa wakipita na majahazi na mitumbwi yao, na katika miaka ya 1880 Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alijaribu kuitia mkononi nchi hii na kushindwa mbele ya watu wa Mwami Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi. Mapadri Weupe walifungua misheni Rumonge mwaka 1879. Mei 1881 watu watatu wa misheni hiyo waliuawa hapo hapo, na misheni ikafungwa. Livingstone na Stanley walipita mbele ya fukwe zetu Novemba 1871, wakitoka Ujiji kwenda kuutazama Mto Rusizi kama unaingia ziwani au unatoka. Chombo chao kilikuwa mtumbwi wa kuazima kutoka kwa Said bin Majid, Mwarabu wa Ujiji. Jiwe la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, ni ukumbusho wa usiku walizolala pale kuanzia 25 Novemba. Waongozaji wengine huwaambia wageni kwamba hapo ndipo wazungu wale wawili walipokutana mara ya kwanza. Si kweli, walikutana Ujiji. Mugere walilala tu, na Rusizi wakaikuta inaingia.

Halafu fukwe zikawa tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliwafyeka watu wa Imbo, bonde hili la kando ya ziwa, na Wajerumani, waliokuwa wamejenga boma lao Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897, wakaamuru watu wa vijiji vya ufukweni wahamishwe mbali na vichaka vya mbung'o. Ukitaka kujua kwa nini koo nyingi za wavuvi wa Minago husema asili yao ni ng'ambo, au Kigoma, au mlimani, sehemu ya jibu iko hapo. Watu waliotolewa hawakurudi wote, na waliojaza nafasi zao walitoka kila upande wakiwa na Kiswahili kama lugha ya kuelewana majini. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916 walikuta pwani inayoanza upya.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 na 1947 wataalamu wa Kibelgiji walizunguka ziwa zima wakipima maji na kuhesabu aina za samaki. Waliondoka na habari ambayo wavuvi wa lusenga waliijua kwa mikono yao: samaki wengi hawapo kando, wapo katikati. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wavuvi wa Kigiriki walianza kuvua kutoka Usumbura kwa meli za chuma na nyavu za kuzungushia. Kwao Ugiriki kuvua kwa taa usiku ni kazi ya kawaida, hivyo hawakuwa na la kujifunza kuhusu giza. Meli ilikwenda na vijiboti vya taa. Vijiboti viliwasha, vikasubiri, wavu ukazungushwa na kufungwa chini, na kila kilichokuwa ndani kikapanda.

Wazee waliofanya kazi kwenye meli zile walisimulia kwa sifa na kwa uchungu pamoja. Sifa, kwa sababu walilipwa mshahara. Uchungu, kwa sababu ya sangala. Sangala na jamaa zake wakubwa, wale ambao mmoja alitosha kulisha msiba, walikuwa wakiingia katika wavu ule pamoja na ndagala. Samaki mkubwa huchukua miaka kukua. Ndagala maisha yake ni kama mwaka mmoja tu. Katika miaka michache sangala wakubwa walipungua kabisa kaskazini mwa ziwa, na mpaka leo ziwa letu ni la ndagala na mukeke. Watafiti wameliandika jambo hili, lakini ufukweni lilijulikana kwa njia rahisi: watoto waliozaliwa baada ya uhuru wa 1962 waliwasikia sangala wa kiasi hicho katika hadithi.

Wagiriki walileta pia kitu ambacho hawakukikusudia kwetu: taa ya mafuta ya kupampu, karabai. Taa ile haikuzimwa na upepo mdogo, na mwanga wake mmoja ulishinda mioto ya mitumbwi kadhaa. Wenyeji wakaiga. Hawakuwa na fedha za meli, wakafunga mitumbwi miwili sambamba kwa miti mirefu, wakatundika karabai juu ya maji, na katikati wakateremsha wavu mpana wa kunyanyua. Hicho ndicho kipe. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 vilianza kuonekana upande wetu, na nyavu za nailoni zilipochukua nafasi ya pamba, kipe kikawa chombo cha kawaida cha pwani nzima kuanzia Bujumbura hadi Nyanza-Lac.

Nitakaa hapa kidogo, maana kipe ndicho kilichonilea. Jioni, jua likiwa bado juu ya Kongo, watu wanasukuma. Kila mmoja ana mahali pake: nahodha anayejua maji, mwenye taa, wavuta kamba wa pembe za wavu. Mnakwenda mpaka nahodha aseme hapa. Taa zinawashwa, wavu unashuka makumi ya mita, kisha mnasubiri. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kusubiri, na wageni hawaijui. Watu wanakula muhogo, wanavuta tumbaku, wanasimuliana uongo. Nahodha mzuri hatazami taa. Anatazama maji yaliyo pembeni ya mwanga. Akiona viputo na mng'ao, taa za nje zinazimwa moja moja ili samaki wasogee katikati, na amri inatoka: vuta. Hapo hakuna mkubwa wala mdogo, kamba zipande kwa mwendo mmoja, maana pembe moja ikichelewa samaki wote wanamwagika upande huo. Kwa usiku mmoja mnaweza kuvuta mara mbili, tatu, mara nne ukiwa na bahati. Alfajiri mnarudi, na kabla mtumbwi haujagusa mchanga wanawake wameshaingia majini na mabeseni.

Mgawo ndio uliobadilisha kila kitu. Mitumbwi, wavu, taa na mafuta vilihitaji fedha, na mwenye fedha mara nyingi hakuwa mvuvi. Akaitwa tajiri. Desturi niliyoikuta ni kwamba kwanza hutolewa gharama za mafuta na chakula, kisha kinachobaki hukatwa nusu: nusu ya tajiri, nusu ya vijana, nao wakagawana kwa daraja. Usiku mbaya, gharama zinabaki kuwa deni la vijana. Kwa hiyo yule mtu wa lusenga aliyeweza kusema kesho siendi, mwanawe hakuweza tena. Aliyekuwa na deni la mafuta alikwenda hata akiwa na homa. Sasa mimi mwenyewe ni tajiri mdogo, na kipe changu hugawa hivyo hivyo. Nasema haya nikijua niko upande gani wa beseni.

Jambo moja la pembeni, lakini silipiti. Ndagala wetu walisafirishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua vifaranga kutoka kaskazini mwa ziwa hili wakawatia Ziwa Kivu, lililokuwa halina samaki wa aina hiyo. Walipeleka aina mbili. Iliyoshika ni ile tunayoiita lumbu. Leo watu wa Bukavu, Goma na Gisenyi wanakula sambaza na wengi hawajui kwamba babu zake walitoka Tanganyika. Mwaka 1967 na 1968 lumbu hao hao, safari hii kutoka upande wa Zambia, walipelekwa kwenye bwawa la Kariba, na huko wanaitwa kapenta. Wanavuliwa usiku, kwa taa, kwa nyavu za kunyanyua. Samaki alihama, na kazi ikahama naye.

Mwaka 1972 ndio mwaka ambao pwani hii haiuzungumzii kwa sauti. Uasi ulianza 29 Aprili katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, mauaji ya kulipiza yakaenea nchi nzima, na watu waliokuwa karibu na ziwa walikimbilia majini. Vyombo vilivyokuwa vya ndagala vilivusha familia kwenda Kigoma na Kongo. Vingi havikurudi. Mashamba ya michikichi yaliyoachwa yaligawiwa wengine, na walipoanza kurudi wenyewe au watoto wao, miongo baadaye, Rumonge ikawa mji wa kesi za ardhi. Ufukweni hakukuwa na kesi za namna hiyo, maana maji hayana mpaka wa kupima. Lakini mahali pa kuegesha kipe, mti wa kufungia kamba, sehemu ya mchanga ya kuanikia, hivyo navyo vilikuwa na wenyewe.

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, 21 Oktoba 1993, vilitugusa kwa njia nyingine: vilizima taa. Uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa vipindi, kwa sababu taa majini ziliweza kuwa za yeyote. Fikiria mtu ambaye kazi yake yote ni giza na mwanga anaambiwa aende mchana. Mchana alipata visamaki vya kando, na watoto walilala na njaa. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani zilituwekea vikwazo vilivyodumu mpaka Januari 1999, na mafuta ya taa na petroli yakawa ghali. Meli za kiwanda zilizokuwa zimeanza kuchoka kabla ya vita hazikuweza kustahimili hayo, na kazi ya Wagiriki ikafikia mwisho wake. Kilichobaki ni vipe, na ndugu yao mkubwa, Apollo, yaani kipe cha mitumbwi mikubwa yenye wavu mpana zaidi, taa nyingi na injini, kilichokuwa kimeingia kabla ya vita. Apollo kinahitaji watu wengi na mafuta mengi. Kikipata, kinapata, kikikosa, deni lake si la mtu mmoja.

Karabai nazo zimeondoka. Miaka ya karibuni taa za LED na betri zimechukua nafasi zao, na nchi ilipoanza kukosa petroli mara kwa mara, aliyekuwa na betri na sahani ya jua alionekana mwenye akili. Ni taa rahisi, haina moshi, haichomi mkono. Lakini kwa kuwa ni rahisi, kila mtu anayo, na usiku wa giza ukisimama barabarani kule juu ya Minago unaona taa kutoka Magara mpaka kusini kabisa. Zamani taa ilikuwa ya wachache na samaki walikuwa wa wengi.

Nchi kavu kazi ni ya wanawake, nao wana historia yao ambayo wanaume hatuiandiki. Ndagala alianikwa mchangani, mvua ikija anaoza, kuku wanapita juu yake, na anayemnunua Gitega anatafuna mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa FAO, wanawake wa fukwe kama Mvugo walianza kuanika juu ya vichanja vya waya vilivyoinuliwa. Samaki anakauka upesi na anabaki safi, na bei yake inapanda. Mama mmoja wa hapa aliniambia kichanja ndicho kitu pekee kilichoingia ufukweni bila tajiri. Sikumbishia.

Nirudi kwenye kupanga safari. Mwaka huu mpwa wangu anayeishi Kenya alinipigia simu. Yeye na wenzake wa kazini, kundi zima, walikuwa wamekwenda milima ya Aberdare kuvua trauti kwa ndoano yenye inzi bandia wa manyoya, wakalala kwenye nyumba ya mbao, wakapenda, na sasa walitaka wikendi kama hiyo Minago. Ijumaa wafike, Jumapili waondoke, mwezi wa sita. "Mjomba, wewe panga tu, sisi tutalipa."

Nilisoma kidogo juu ya trauti hao. Si wa Kenya. Mayai yao yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, na Ewart Grogan, mwaka 1905, yakawekwa katika Mto Gura. Walowezi walitaka mchezo wa kwao, wakaleta samaki wa kuwachezea. Kule samaki aliletwa ili afuate ratiba ya mtu. Huku mtu ndiye anayefuata ratiba ya samaki, na hilo ndilo nililomweleza mpwa wangu. Mwezi wa sita upepo wa kusini unavuma na ziwa linachafuka. Wikendi aliyoitaja, mwezi ulikuwa unajaa. Na watu wanane wasiojua kuvuta kamba hawawezi kupanda kipe cha watu wanaotafuta chakula. Wataharibu pembe, na pembe ikiharibika vijana wangu watarudi nyumbani na deni la wageni.

Tulikubaliana hivi. Watakuja giza likianza, siku zisizo na upepo mkubwa, hata kama ni Jumanne. Ofisi iombwe ruhusa. Watakaa kwenye boti ya pembeni, kila mmoja na jaketi la kuokolea, na kibali kiombwe mapema kwa wanaolinda ziwa. Watalipia mafuta ya usiku ule kabla, ili kipe kisianze na deni. Wawili wawili watapokezana kuja kuvuta, chini ya amri ya nahodha na si yangu. Asubuhi samaki ni wa kipe. Wakitaka mukeke wa kuchoma watanunua kwa wanawake kama watu wengine, na ugali wa muhogo tutaupika sisi. Mpwa wangu aliona masharti ni mengi. Nikamwambia babu yake mkubwa asingemuuliza chochote, angempa kuni tu achochee.

Lipo suala jingine ambalo kila anayepanga safari ya ziwani sasa lazima alijue. Ziwa limechoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulieleza kwamba maji yamepata joto, upepo umepungua nguvu, na chakula kilichokuwa kikipandishwa kutoka chini hakipandi kama zamani. Uzalishaji wa mimea midogo ya majini ulikadiriwa kushuka kwa asilimia 20 hivi, na samaki kwa asilimia 30. Juu ya hapo tumeongeza taa zetu zote. Kati ya 2020 na 2024 ziwa lenyewe lilipanda, likaingia majumbani Gatumba na Rumonge, na fukwe tulizoanikia zikawa maji. Wazee walikumbuka mafuriko ya miaka ya 1960. Vijana hawakuwa na cha kukumbuka, wakasogeza mitumbwi juu.

Nchi nne za ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa pamoja mwaka 2003, na mamlaka yao ya ziwa ina makao yake Bujumbura. Hoja yao kubwa sasa ni kulipumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka. Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na kila ufukwe umekuwa ukilijadili jambo hilo tangu hapo. Wapo wanaosema ni uonevu. Mimi nasema ni sawa. Sisi tulikuwa na kufunga kwetu kila mwezi mpevu, na ndagala alipumua kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Taa za leo zimetuvuta tukaanza kuiba hata usiku wa mbalamwezi, kwa hiyo amri itoke nje ikiwa haitoki ndani.

Lakini amri hiyo haimpati kila mtu kwa uzito mmoja. Tajiri wa Apollo atakaa miezi mitatu na duka lake. Mimi nina michikichi michache. Mvuta kamba hana duka wala mchikichi, na deni la mafuta ya mwezi wa nne bado liko shingoni mwake. Mkimfungia ziwa bila kumpa kitu ataingia usiku na taa moja ndogo na chandarua cha mbu, na atavua vifaranga, ambao ndio hasa mnaotaka kuwaokoa. Basi ninyi mnaokutana Bujumbura kupanga tarehe, mwiteni mvuta kamba mmoja kutoka Minago, mmoja Uvira, mmoja Kigoma na mmoja Mpulungu, wakae nanyi mezani, na kabla ya kusoma takwimu yoyote waulizeni watoto wao watakula nini kuanzia tarehe 15 Mei.